Baiskeli Haina Upindo

Rehema, Yona, na yeyote atakayeshika spana pale dukani kwa Deo, Kizota, baada yangu: nimestaafu. Najua mtacheka. Kustaafu ni kwa watu wenye mvi na keki, na mimi bado nanyonyesha. Lakini kazi ile nimeifanya tangu nilipomaliza kidato cha nne, mikono yangu imezeeka kuliko uso wangu, na sirudi. Kwa hiyo niiteni mstaafu. Niwaandikie ninachokijua kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuandika kwa adabu, na adabu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Siku ya kwanza nilikwenda kuomba kazi ya kuuza, siyo ya kutengeneza. Nilivaa viatu vya kanisani. Duka lilikuwa la mzee, baba yake Deo, na fundi alikuwa Hamisi, Msandawe wa kule Kwa Mtoro, mtu mwembamba aliyekaa juu ya kreti la soda kama vile lilitengenezwa pamoja naye. Hakuniuliza cheti. Akanirushia tairi la baiskeli lililojaa mbigili, akasema, "Toa."

Nikatoa. Mnazijua mbigili za Dodoma, hata kandambili haziponi. Nilichomoa hadi vidole vikawaka moto, nikampelekea tairi nikiwa najiona mtu. Akachukua pamba, akaipitisha ndani ya tairi taratibu, kuzunguka. Ikanasa. Akaenda mbele kidogo, ikanasa tena.

"Umetoa unazoziona," akasema. "Zinazotoboa ni hizi zilizobaki."

Nikavua viatu vya kanisani, nikaanza upya. Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi.

Lugha ya kwao Fundi Hamisi ina vidoko, ulimi unaalika katikati ya neno, na alikuwa na neno moja aliloliweka kwa ajili ya baiskeli mbovu. Wateja walidhani anawasonya. Wengine walikasirika, na wengine walipunguza maringo papo hapo. Nilipomuuliza maana yake akaniambia, "Ni mzoga ambao hata fisi anaupita." Sikuwahi kujua kama ni kweli. Lakini nililijua hilo neno likitoka, na mpaka leo nikishika kitu kibovu nasikia ulimi wake ukialika.

Baiskeli zetu, mnajua, nyingi ni za mtumba. Zinakuja zimebanana kwenye kontena kama dagaa, nyingine nzima kuliko mpya za dukani, nyingine zimeshaua mtu huko zilikotoka. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kupitisha ukucha kwenye fremu, hasa nyuma ya usukani, pale mabomba mawili yanapokutana, na chini pale pedali zinapozungukia. Macho yanadanganywa na rangi. Ukucha haudanganywi. Ukinasa mahali pasipo na kiungo, pana ufa, na fremu nyepesi ya aluminiamu haichomelewi mtaani. Ukiichomelea unaipika, inabaki laini kando ya weldi, na itavunjika palepale siku mtu anapoiamini.

Kwa hiyo alikuwa na sheria moja. Fremu yenye ufa inakatwa vipande viwili, mchana, mbele ya watu, kabla mtu hajapata wazo. Msumeno wa chuma ulikuwa unaning'inia kwenye msumari juu ya mlango. Mzee mwenye duka alikuwa anaguna kila ukishushwa, lakini hakuwahi kusema usishushwe.

Sasa kuhusu watoto. Mzazi anaingia dukani mtoto amekua, ile baiskeli ndogo magoti yanagonga usukani, na anataka mauntenibaiki ya kweli, ya gia, itakayopita kwenye changarawe na makorongo. Ni ombi zuri kuliko yote tunayopata. Na ndilo linaloharibika haraka kuliko yote, kwa sababu sisi watu wa huku tunanunua baiskeli kama tunavyonunua sare ya shule. Kubwa, atakua. Sketi ikimzidi mtoto unakunja upindo, mwaka kesho unaufungua. Baiskeli haina upindo.

Nakumbuka baba mmoja wa Msalato, amevaa kofia ngumu ya ujenzi, hana muda. Akanyoosha kidole kwenye baiskeli kubwa kuliko zote.

"Nataka ile. Mwanangu ana miaka kumi."

"Mtoto yuko wapi?" nikamuuliza.

"Shule."

"Basi rudi naye."

"Dada, ninayenunua ni mimi."

Fundi Hamisi hakuinua kichwa. "Na utakayepanda ni wewe?"

"Atakua bwana. Kwani watoto hawakui?"

"Wanakua. Ila ukuta ataugonga wiki hii."

Akaondoka amenuna, akarudi Jumamosi na mtoto. Tukamsimamisha mtoto juu ya ile kubwa, kila mguu upande wake. Bomba la juu likamgusa pale pasipotakiwa kuguswa na vidole vya miguu vikatafuta ardhi bila kuipata. Mtoto akamwangalia baba yake akasema kwa upole, "Baba, hii ni ya mjomba." Tukamaliza mjadala.

Leta mtoto, usilete umri. Hilo liandikeni ukutani kama Deo atawaruhusu. Asimame juu ya fremu, nyayo zote zikanyage chini, na vidole vinne vipite kati yake na bomba. Aliyeiacha ya gurudumu la inchi ishirini mara nyingi anataka ya ishirini na nne, na akiwa mrefu ndipo mnamtafutia ya ishirini na sita yenye fremu fupi. Hiyo ndiyo ya kukua nayo, kwa sababu kiti kinapanda, lakini fremu haishuki. Mwambieni abane breki kwa vidole viwili vyake, siyo vyenu. Kama hafiki, sogezeni mkono wa breki karibu, pana skrubu ndogo ya kazi hiyo ambayo nusu ya mafundi wa Dodoma hawajawahi kuigusa. Mwambieni ainyanyue. Mtoto asiyeweza kuivusha baiskeli yake korongoni ataiacha korongoni.

Na shokamzoba, zile springi za kumeza mashimo. Watu wanapenda shokamzoba kama wanavyopenda spika kubwa. Mkalisheni mtoto, aruke kidogo. Isiposhuka, hiyo siyo shokamzoba, ni mzigo wenye springi. Ile ya chini ya kiti kwenye baiskeli rahisi msimpe mtoto kabisa. Inameza nguvu zake kila anapokanyaga, na inaficha kelele za fremu. Gia ya mbele moja inatosha, yenye meno machache, ya nyuma ndiyo yawe mengi. Mtoto ana mambo ya kufikiri zaidi ya kubadilisha gia mlimani.

Fundi Hamisi aliondoka macho yalipoanza kufifia, akarudi kwao kulima ufuta. Mzee naye akapumzika, duka likawa la Deo. Deo si mjinga, na sitawadanganya kwamba alikuwa mtu mbaya kila siku. Nilipofiwa na mama yangu alifunga duka akaja msibani. Lakini msumeno ulianza kukaa kwenye msumari muda mrefu. Fremu zenye ufa zilikuwa zinapelekwa nyuma. "Ziacheni, kuna mtu wa chuma chakavu atazipitia," alisema. Huyo mtu wa chuma chakavu sikuwahi kumwona uso.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo yangu ya uzazi, tumbo liko puani, nilipitisha ukucha kwenye fremu moja ya bluu, kubwa, ya kuvutia, yenye bomba moja nene na springi chini ya kiti. Ukucha ukanasa nyuma ya usukani. Nikaichora kwa chaki nyekundu. Nikamwambia Deo tuikate sasa hivi. Akanitazama tumbo, akacheka kistaarabu.

"Mama Wendo, utajifungulia kwenye msumeno. Nenda kapumzike. Hii nitaikata mwenyewe."

Nikaenda.

Wendo ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na mmoja. Baiskeli yake ya zamani alikuwa anaiendesha kama panzi, magoti nje. Nilishamwahidi kwamba nikirudi kazini nitamchagulia nyingine mimi mwenyewe, na tulikuwa tumeshapima mguu wake kwa uzi, uzi uko kwenye droo. Kisha ikafika siku ya kipaimara chake. Sherehe ilifanyika kwa baba mkwe wangu, Mzee Ndahani, kijijini mbele ya Msalato. Nyumba yake imekaa juu, na kutoka uani barabara ya changarawe inateremka moja kwa moja hadi kwenye korongo. Mume wangu alikuwa safarini na lori. Nilikwenda na Wendo, na mtoto mchanga mgongoni.

Watu walikuwa wameshakula. Mzee akaingia nyuma ya nyumba, akatoka anasukuma baiskeli iliyofungwa utepe. Wanawake wakapiga vigelegele. Alikuwa ameuza dume lake kwa ajili ile, kila mtu uani alijua, kwa sababu zizi lilikuwa palepale na pengo lilionekana.

"Mama Wendo," akasema mbele ya watu wote, "hii nimeinunua palepale kazini kwako. Sikujitambulisha, nilitaka iwe siri. Nikasema, nikienda anakofanya kazi mkwe wangu siwezi kupotea."

Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa kubwa, ya mtu mzima. Ilikuwa na springi chini ya kiti. Na nyuma ya usukani, mahali ambapo hakuna kiwanda kinachobandika kitu, palikuwa na stika pana ya dhahabu imezungushwa bomba zima. Niliangalia chini karibu na pedali. Pale palikuwa na kibonyeo kama punje ya haragwe, ambacho nilikuwa nimekishika kwa mkono wangu kwenye fremu ya bluu.

Yona, najua ni wewe uliyefunga magurudumu yake. Nilizitambua spoku, hakuna mwingine anayezikaza hivyo. Sikulaumu. Ulipoipata, stika ilikuwa imeshabandikwa.

Binamu zake walikuwa wameshampandisha Wendo akitokea juu ya jiwe, kwa sababu kutoka chini asingeweza. Mguu mmoja kwenye pedali, mwingine ncha ya kidole juu ya jiwe. Mbele yake ni mteremko.

"Panda tukuone," akasema babu yake. "Nenda hadi korongoni, urudi."

Nilishika kiti kwa nyuma. "Hapana. Wendo, shuka."

Tangu niolewe sikuwahi kumwambia baba mkwe hapana, hata kwa chumvi. Kwao mkwe hamtazami baba mkwe usoni, seuze kumpinga mbele ya wageni. Wifi yangu Janeti, ambaye kimya kinamuuma, akasema, "Mwacheni fundi wetu. Zawadi ikipita mkono wa mwingine inamuwasha." Watu wakacheka. Akaongeza, "Wifi, hata kipaimara unafungua gereji?"

"Mama, nitaenda polepole," Wendo akaninong'oneza.

"Shuka."

"Babu ananiangalia."

"Ndiyo maana nasema shuka."

"Mama Wendo." Mzee hakupandisha sauti. "Unamwambia mtoto ashuke kwenye zawadi yangu?"

"Ndiyo, baba. Ashuke kwanza, halafu nitapiga magoti niombe radhi."

Hapo Wendo akajaribu kushuka kweli, na ncha ya kidole ikateleza kwenye jiwe. Baiskeli ikaanza kwenda. Breki aliitafuta, vidole havikufika. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili, mtoto mgongoni analia, viatu vinasaga changarawe, na nilivutwa hatua kadhaa kabla sijaiangusha ubavuni kwa makusudi, Wendo juu yangu. Alichubuka goti. Maziwa yalinivuja hadi kwenye gauni. Hakuna aliyecheka tena, lakini niliona kwenye nyuso zao wanachofikiri: amemwangusha mtoto wake kwa wivu.

Nikapiga magoti kama nilivyoahidi, ila nilipiga kando ya baiskeli. Nikachokonoa pembe ya ile stika kwa ukucha. Ilitoka na rangi nyeusi, na chini yake bluu.

Janeti akainama. "Mbona sioni kitu? Huo si mkwaruzo tu?"

"Macho hayatoshi," nikamwambia. Nikageuka kwa mzee, nikatazama chini. Sikuruhusiwa kumshika mkono. "Baba, naomba ukucha wako."

Mzee akaja, akashuka kwenye magoti yake mabovu na suti yake ya kanisani, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale nilipoonyesha. Ukanasa. Akaurudisha, ukanasa tena. Akaufuata ule mstari taratibu kuzunguka bomba, kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe kutafuta kupe, akazunguka mpaka akakaribia kurudi alipoanzia.

"Ulikuwa unaijua hii?"

"Niliichora mwenyewe ikatwe, baba."

"Na aliyeniuzia alijua?"

"Alijua."

Akakaa chini kwenye changarawe. "Nilimpa mkono yule kijana," akasema. "Nilimpa yote miwili." Alikuwa anasema na mikono yake zaidi kuliko na mimi. Kisha akauliza, "Huko kazini, ya namna hii mnaifanyaje?"

"Tulikuwa tunaikata."

"Leteni msumeno."

Janeti akashika kiuno. "Baba, si irudishwe wakupe nyingine? Dume zima lile."

"Ikirudi nzima, ataipanda mtoto wa nani?"

Jirani fundi bomba akaleta msumeno. Mzee alikalia jiwe lile lile alilopandia Wendo, akaibana fremu kwa magoti na kuishika kwa mikono miwili, mimi upande huu, yeye upande ule, na hapo ndipo nilipomtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niwe mkwe wake. Nilikata kandokando ya ufa. Sikumaliza. Nilipofika katikati bomba lilijimalizia lenyewe, kwa sauti kavu, na vipande viwili vikabaki mikononi mwa mzee. Wendo, ambaye alikuwa ananuna kwa ajili ya goti lake, akaacha kununa. Aliangalia bomba, akaangalia mteremko.

Jumatatu, kama mlivyoona, niliviweka vile vipande juu ya kaunta. Mlikuwa nyuma mnatia hewa, labda hamkusikia yote. Deo alivitambua kabla sijamaliza kuvitoa kwenye gunia.

"Ungenipigia simu, tungeyamaliza."

"Uliniambia utaikata mwenyewe."

"Mama Wendo, yule mzee hakujitambulisha. Naapa. Ningejua ni ya mwanao nisingempa ile."

"Ungempa nani?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta. Alifuta pale palipokuwa safi, akasogeza vipande, akafuta chini yake. Akasema nitapewa nyingine mpya, nichague yoyote. Nikarudia swali. Hilo ndilo swali langu la mwisho kazini na bado anafuta kaunta.

Ile nyingine mpya aliipokea Mzee Ndahani, haki yake, ila hakuniacha nichague. Alikuja mwenyewe mjini na Wendo, na fimbo yake ya kuchungia ikiwa na alama ya urefu wa mguu wa Wendo aliyoichonga kwa kisu. Alisimama mbele ya Deo bila kumpa mkono. Rehema, umeniambia alipitisha ukucha kwenye kila fremu dukani, moja baada ya nyingine, na wateja wakapanga foleni nyuma yake bila kuelewa ni foleni ya nini. Wendo alisimama juu ya tatu, akabana breki, akanyanyua, akazikataa mbili. Aliyochukua ina inchi ishirini na nne, fremu ya kawaida, kijani mbaya kama mlenda uliolala. Jumapili aliivusha korongoni begani. Babu yake alikuwa upande wa pili, na aliporudi nyumbani aliniambia, akitazama pembeni kama inavyotakiwa, "Mtoto wako ana mabega."

Kwa hiyo hayo ndiyo ninayowaachia. Spana zangu gawaneni, ile ya nane ina ufa, itupeni. Pamba iko kwenye kopo la chai. Siku ile natoka nilipanda kwenye kreti la Fundi Hamisi nikashusha ule msumeno. Ulimi wa msumeno ulikuwa umeota kutu. Nikafunga mwingine mpya, nikaukaza, nikaurudisha kwenye msumari wake, Deo akiniangalia.

Kule nyuma, kando ya choo, zimebaki fremu nyingine zilizosimama ukutani. Nilizihesabu kwa ukucha nikipita. Mtaanza na ile nyekundu.